Mwalimu Anayeacha Shule Binafsi Hajaichoka Kazi

Kila mara Serikali ya Tanzania inapotangaza ajira mpya za walimu, ofisi za walimu katika shule binafsi hubadilika. Watu huzungumza kwa sauti ya chini, simu hutazamwa mara kwa mara, na vyeti vilivyokuwa vimelala kabatini nyumbani hutolewa nakala. Mwanzoni mwa 2025 jambo hili lilionekana waziwazi: waombaji zaidi ya 200,000 waliwania nafasi za ualimu zisizofika 15,000, wakaitwa kwenye usaili. Katika foleni zile walikuwamo vijana waliokaa mtaani miaka mingi bila kazi, na walikuwamo pia walimu waliokuwa na darasa tayari, walioaga shuleni kwao kwamba wanakwenda kuuguza. Tangu hapo nimesikia maelezo mawili yakirudiwa kana kwamba hayana ubishi. La kwanza, la watu wa nje, linasema shule binafsi ni kituo cha daladala: mwalimu anasimama pale akisubiri gari la Serikali, na moyo wake haukuwahi kuwa kwenye kazi. La pili, la baadhi ya wamiliki, linasema walimu wa siku hizi hawana wito.

Naona maelezo yote mawili yamekosea, tena yamekosea mahali pamoja. Yote yanadhani kwamba anayeondoka haachi nyuma chochote anachokipenda. Kufundisha shule binafsi kuna raha yake, raha ya kweli ambayo chanzo chake kinajulikana, na walimu wengi huondoka wakiwa bado wanaionja. Kinachowatoa ni kwamba raha hiyo imewekwa juu ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mkataba ambao mwenye shule anaweza kuuacha ufe Desemba bila kusema neno. Tusipotenganisha mambo haya mawili, wamiliki wataendelea kutibu ugonjwa ambao haupo, na Serikali itaendelea kudhani kwamba haina la kujifunza kutoka upande wa pili wa ukuta.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu dharau tuliyo nayo kwa kazi hii ina historia. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka mikononi mwa Serikali shule nyingi zilizokuwa za mashirika ya dini, na kwa miaka mingi shule isiyo ya Serikali ikawa kitu cha pembeni, seminari zikiwa miongoni mwa chache zilizobaki. Nafasi za sekondari zilikuwa haba mno. Ndipo wazazi wa mikoa kama Kilimanjaro na Kagera walipochangishana mawe, saruji na fedha wakajenga shule zao, na Jumuiya ya Wazazi ya CCM nayo ikaendesha za kwake. Mtoto aliyekwenda huko alionekana ameshindwa kuchaguliwa, na mwalimu aliyekwenda kumfundisha alionekana ameshindwa kupangiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilipofungua milango kwa watu na taasisi kuanzisha shule, hali ikageuka. Miaka ilivyosonga, orodha za kumi bora za Baraza la Mitihani zikatawaliwa na majina kama St. Francis ya Mbeya, Feza, Marian na Kemebos. Mwanafunzi wa shule binafsi akaacha kuwa aliyeshindwa. Mwalimu wake, ajabu, akabaki na jina lile lile la zamani: mtu anayesubiri. Hata baada ya Baraza kuacha kutangaza shule bora mnamo Januari 2023, wazazi tunajua shule gani inafaulisha lakini hatujui ni nani aliyesimama mbele ya darasa.

Sasa raha yenyewe. Kwangu inaanzia kwenye hesabu ndogo ya daftari. Mwalimu mwenye wanafunzi 120 akiamua kusoma kazi ya kila mmoja kwa dakika mbili tu, amejitwisha saa nne za kusahihisha kwa zoezi moja la somo moja. Hawezi, na hakuna binadamu anayeweza kufanya hivyo kila wiki huku akiwa na vipindi 28 na zamu. Kwa hiyo hutia alama ya vema, husahihisha ubaoni, na hujifunza kulifahamu darasa kama unavyolifahamu soko: kwa kelele zake. Mwalimu mwenye wanafunzi 35 humaliza kazi ile ile kwa dakika 70. Tofauti si kwamba amechoka kidogo kuliko mwenzake. Tofauti ni kwamba anajua kuwa mtoto huyu hukosea kutoa kila palipo na namba hasi, na kwamba yule ameanza kuandika ovyo tangu wiki ambayo baba yake alisafiri. Ualimu wote, mshahara ukiuweka kando, unalipa kwa sarafu moja: kuona kitu ulichokifanya kikibadilika mbele ya macho yako. Msongamano huificha sarafu hiyo. Darasa la watoto 35 huiweka mkononi.

Nilifundisha Kiswahili katika sekondari binafsi kwa miaka sita kabla ya kuingia kwenye uandishi. Alikuja mwanafunzi wa kidato cha kwanza kutoka shule ya msingi ya inglishi midiamu, anayekizungumza Kiswahili vizuri kabisa lakini hawezi kukiandika aya moja ikasimama. Darasa lilikuwa na watoto 32. Kila Ijumaa niliwapa insha, kila Jumatatu niliwarudishia ikiwa na maelezo pembeni, kwa sababu tu muda ulikuwepo wa kufanya hivyo. Alipofika kidato cha nne alitunga tarbia yenye vina na mizani kamili, akaighani mwenyewe kwenye mahafali. Nilikuwapo mwanzo, nikawapo mwisho. Sijapata kulipwa kitu kizuri kuliko kile, na nasema hivyo nikikumbuka kwamba katika shule hiyo hiyo mshahara wa Desemba uliwahi kutufikia Februari.

Kuna jambo la pili linalosemwa mara chache: nafasi ya kuamua. Shule binafsi ni nyumba ndogo. Mwalimu akiwa na wazo la gazeti la ukutani, la klabu ya mdahalo, la kubadili mpangilio wa mada ili mada ngumu isiangukie wiki ya michezo, humwona mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma asubuhi, na Jumatatu inayofuata jambo linajaribiwa. Likishindikana, limeshindikana kwao wenyewe, wanalirekebisha. Mmiliki anayelala hatua 200 kutoka madarasani anaweza kununua mizani ya maabara kesho kama ameelewa inahitajika. Mwalimu wa Serikali mwenye wazo hilo hilo ana ngazi nyingi za kupanda, na mara nyingi si kwa ubaya wa mtu yeyote. Mfumo wenye maelfu ya shule lazima uwe na ngazi. Lakini mtu mzima aliyesomea taaluma yake anapoona wazo lake limekuwa jambo shuleni, hupata heshima ya ndani ambayo posho haiwezi kuileta. Jambo la tatu ni mzazi. Mzazi anayelipa ada huja. Huja akiwa mkali, wakati mwingine huja na maneno ya kuudhi, lakini huja, na mwalimu anapata mtu wa kumwambia kwamba mtoto huyu anahitaji miwani.

Hoja nzito kabisa dhidi ya haya yote ni ya mchujo, na haifai kuipita mbiombio. Wakosoaji wanasema: raha hiyo imenunuliwa. Shule imefanya usaili, imechukua wanaojua, imewakaririsha au kuwaondoa waliobaki nyuma, kisha mwalimu anafurahia mazao ya shamba ambalo wengine walipalilia. Kuna ukweli hapa. Zipo shule zinazoweka wastani wa juu na kumwambia mzazi mwezi wa Novemba atafute shule nyingine, na wizara imelikemea jambo hilo mara nyingi bila kulimaliza. Mwalimu wa shule ya namna hiyo anayejivunia daraja la kwanza kwa darasa zima ana haki ya kujivunia nusu yake tu.

Hata hivyo hoja hii ina mipaka miwili. Kwanza, mchujo si mali ya shule binafsi. Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala ni shule za Serikali na huchukua vijana waliofaulu sana; hatujawahi kusema mwalimu wa Ilboru hana raha ya haki. Pili, shule binafsi nyingi si zile ambazo majina yake hutajwa redioni. Ni shule za mtaa wa pili, zenye mabweni mawili na basi moja la njano, zinazopokea mtoto aliyekataliwa kwingine, aliyehamishwa kwa utoro, aliyefiwa na mlezi. Mwalimu wa huko hana mazao ya mtu mwingine. Akimtoa binti kwenye F ya Hisabati akamfikisha C, amelima mwenyewe.

Tena tukiutazama mchujo kwa makini, unamuumiza mwalimu kabla ya kumfaidi. Kama chanzo cha raha ni kuona mwanzo na mwisho wa kazi yako, basi kumwondoa mtoto kidato cha tatu kwa sababu wastani wake ni 48 ni kumnyang'anya mwalimu mwisho huo. Amekaa naye miaka miwili. Alikuwa ameanza kuona dalili. Kisha anaambiwa aandike barua ya kumuaga ili bango la matokeo barabarani lisiharibike. Sijaona mwalimu aliyetoka katika kikao cha namna hiyo akiwa na moyo mwepesi. Wanaodhani kwamba mchujo ndio unaofanya kazi ya shule binafsi iwe tamu wameuchukua ugonjwa wakauita afya.

Sisemi mwalimu wa Serikali hana raha. Anazo raha ambazo mwenzake hazipati: kumfundisha mtoto wa kwanza katika ukoo kufika kidato cha nne, kujulikana kijiji kizima, kuzeeka akisalimiwa barabarani na watu aliowafundisha kusoma. Ana cheki namba pia, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, na cheki namba inafungua milango ya benki. Hilo la mwisho ndilo linaloturudisha kwenye foleni za usaili.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya wito, na inasikitisha kwamba ndiyo inayopendwa. Inasema mwalimu wa kweli haangalii maslahi. Anayekimbilia Serikalini ameonyesha kwamba alikuwa kibarua tu. Tazama basi anakwenda wapi. Anakwenda kufundisha. Aliyeomba ajira ya ualimu ameomba chaki ile ile, mara nyingi katika kijiji ambacho hajawahi kukiona, katika darasa lenye watoto mara tatu ya wale aliowaacha. Asingekuwa na wito angefungua duka la vifaa vya simu, na wapo waliofanya hivyo. Huyu amemwacha mwajiri, ualimu hajauacha. Kumwambia kwamba hana wito ni kumtukana kwa kitendo kinachothibitisha kwamba anao. Wito ndio unaomweka mtu ofisini Ijumaa jioni akimalizia daftari za mwisho. Kazi ya kulipa kodi ya nyumba, na ada ya mtoto wake mwenyewe, si ya wito. Ni ya mwajiri.

Na walimu hawa hawakujifunza woga vitabuni. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Mwalimu wa Serikali aliendelea kupokea mshahara. Katika shule binafsi ada ilisimama, na katika nyingi mishahara ikasimama nayo mpaka madarasa yalipofunguliwa Juni. Wengine waliitwa kazini kwa nusu mshahara, wengine hawakuitwa. Sidai kwamba wamiliki walikuwa na hazina iliyofichwa. Wengi walikuwa na mikopo ya benki ya mabweni. Lakini mwalimu aliona kwa macho yake kwamba kati ya maisha yake na njaa kuna ada ya muhula mmoja tu. Ongeza hapo tofauti ya kima cha chini: amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka Sh207,000 kwa mwezi kwa shule binafsi, na ingawa viwango vya sekta binafsi vimepandishwa kuanzia Januari 2026, kule Serikalini kima cha chini kilipanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 Julai 2025. Mwalimu mwenye shahada halipwi kima cha chini, ni kweli, na zipo shule binafsi zinazolipa kuliko Serikali. Zenyewe pia zinapoteza walimu. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kiasi si jibu zima. Mtu anaweza kukubali kidogo chenye uhakika akaacha kingi kinachotegemea tabasamu la meneja.

Kuna na wamiliki wanaoimaliza raha yenyewe kwa mikono yao, bila kujua kwamba hicho ndicho kitu pekee walichokuwa wakimshinda nacho mwajiri mkubwa. Vipindi vya ziada huanza kabla jua halijachomoza. Jumamosi inakuwa siku ya kazi, kisha likizo inakuwa kambi ya mitihani. Mkataba unaandikwa idadi ya A zinazotakiwa. Mwalimu anapewa fomu za kwenda kutafuta wanafunzi mtaani, na jioni anakabidhiwa bweni kwa sababu patroni ameondoka. Kwa mwendo huo zile dakika 70 za kusoma kazi ya kila mtoto zinapotea hata kama watoto ni 35. Nafasi ya kuamua nayo inapotea, kwa kuwa kila kitu kimekwisha kuamuliwa na bango. Shule imebaki na udogo wake lakini imejipa msongamano wa aina nyingine, msongamano wa saa. Mwalimu akifika hapo, anayelinganisha pande mbili anakuta upande mmoja una uhakika bila nafasi na upande wa pili hauna hata kimoja.

Wamiliki wana utetezi unaostahili kusikilizwa. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, ikafika kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, shule binafsi za kipato cha chini zinashindana na kitu kisicholipiwa. Umoja wa wamiliki na mameneja wa shule zisizo za Serikali, TAMONGSCO, umelalamika kwa miaka kuhusu wingi wa kodi na tozo. Kusema tu "ongezeni mishahara" ni kuzungumza na ukuta. Lakini mengi kati ya yanayomfukuza mwalimu hayahitaji fedha mpya. Mkataba wa miaka minne unaolingana na safari ya mwanafunzi kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne haumgharimu mmiliki shilingi siku ya kuusaini. Unamgharimu uhuru wa kumtisha mtu kila Desemba. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kupelekwa kwa wakati ni sheria, si fadhila. Mshahara wa miezi 12, likizo zikiwamo, ni fedha zile zile zikigawanywa vizuri na kutunzwa. Kumpa mwalimu Jumamosi yake si gharama kabisa, na shule ikiogopa kwamba itapitwa na jirani, ijiulize kama jirani anafaulisha kwa sababu ya Jumamosi au kwa sababu ana walimu wale wale tangu miaka sita iliyopita.

Upande wa Serikali nao una ya kufanya. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, inamsimamia mwalimu wa utumishi wa umma. Mwalimu wa binafsi mwenye mgogoro anakwenda kwenye sheria za kazi za kawaida, kama mfanyakazi wa ghala, ingawa mtihani anaouandalia watoto ni ule ule wa Taifa. Tarehe za kuripoti kwa waajiriwa wapya zingeweza kuangukia likizo, ili mwanafunzi wa kidato cha nne asimpoteze mwalimu wa Fizikia Julai. Zaidi ya hayo, mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unamtaka mwalimu amfuatilie mtoto anavyotenda, sio anavyokariri. Mwalimu aliyetoka darasa la watoto 35 anajua kufanya hivyo. Tunamchukua, tunampa watoto 110, kisha tunashangaa kwamba baada ya miaka miwili anasahihisha ubaoni kama wengine. Serikali inaajiri mtu lakini haiajiri mazingira yaliyomfanya awe mwalimu mzuri.

Kwa mmiliki anayetaka kujua shule yake iko wapi katika jambo hili, kuna kipimo ambacho hakihitaji mshauri wala dodoso. Achukue orodha ya wanafunzi wa kidato cha nne wa mwaka huu. Kisha achukue ratiba ya vipindi ya muhula wao wa kwanza walipokuwa kidato cha kwanza, na ahesabu ni walimu wangapi kwenye ratiba ile ambao bado wanaingia katika darasa hilo leo.